Kuchanika kwa gegedu la bega: picha za hospitali huonyesha nini?

Bega ndilo kiungo kinachojongea kwa uhuru mkubwa kuliko viungo vingine vyote vya mwili, na uhuru huo una gharama yake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, ilhali kikombe kinachokipokea ni kidogo na hakina kina, mithili ya chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Ukingo wa kikombe hicho umezungukwa na pete ya gegedu ambayo madaktari huiita labramu. Pete hiyo hukiongezea kikombe kina, na sehemu yake ya juu hushikilia kano ya msuli wa mbele wa mkono.

Inavyochanika

Bega linapoteguka kuelekea mbele, pete huweza kubanduka upande wa mbele chini. Jeraha hilo huitwa Bankart, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Uingereza aliyeandika juu yake mwaka 1923. Aina ya pili hutokea sehemu ya juu, hasa kwa wanamichezo wanaorusha kwa nguvu au kwa mtu aliyeanguka akijikinga kwa mkono. Mwaka 1990, Stephen Snyder wa Marekani na wenzake waliigawa aina hiyo katika makundi manne. Katika ripoti za hospitali huandikwa SLAP.

Kipimo gani huona nini

Picha ya eksirei haionyeshi gegedu. Hata hivyo, huanza nayo daktari ili ajue kama mfupa umevunjika, kama bega limerudi mahali pake, na kama kichwa cha mfupa kimebonyea kwa nyuma, dalili ya kuwa bega liliwahi kuteguka.

Kipimo cha MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, wala si mionzi ya eksirei, na huonyesha gegedu, kano na misuli. Lakini mchaniko mdogo huweza kujificha kwa sababu kingo zake zimebanana. Kwa hiyo baadhi ya wagonjwa hudungwa kwanza ndani ya kiungo takriban mililita 10 hadi 15 za maji yenye dawa ya gadoliniamu. Maji hayo hukitanua kiungo na kupenya katika ufa, nao ukaonekana wazi. Asiyeweza kuingia katika sumaku, kwa mfano mwenye baadhi ya vifaa vya kuendesha moyo, huweza kupigwa CT scan baada ya kudungwa dawa ya iodini. Altrasaundi hufaa kwa kano, ila pete iliyo ndani haionekani vyema.

Picha si hukumu

Baadhi ya watu huzaliwa na uwazi kati ya pete na mfupa, sehemu ya juu mbele, na msomaji wa picha asiye na uzoefu huweza kuudhani kuwa ni mchaniko. Umri nao huichakaza pete. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 uliwapima kwa MRI watu 53 wenye umri wa miaka 45 hadi 60 wasio na maumivu ya bega. Mtaalamu mmoja aliona mchaniko wa sehemu ya juu kwa asilimia 55 yao, na mwenzake kwa asilimia 72.

Hapo ndipo penye uzito. Mtu wa makamo anayepasuliwa kwa kufuata picha pekee huenda akatengenezewa kisichomuuma, na kijana ambaye mchaniko wake haukutambuliwa huenda bega lake likateguka tena na tena. Kwa sababu hiyo daktari huilinganisha picha na maelezo ya mgonjwa pamoja na uchunguzi wa mikono. Shaka ikibaki, kamera ndogo inayoingizwa ndani ya kiungo wakati wa upasuaji ndiyo huikata.

Mgonjwa anashauriwa kubeba picha zake za zamani, kueleza mapema kama ana chuma mwilini, ujauzito au mzio wa dawa, na kumwuliza daktari kama kilichoonekana katika picha kinaafikiana na mahali anapoumia.