Uso Uliokataliwa: Miaka 70 ya Ugomvi wa Picha Moja

Mwaka huu imetimia miaka 70 tangu gazeti dogo la hadithi za picha la New York, lililoitwa Incredible Science Fiction, lilipotoa toleo la 33, lenye tarehe ya Januari na Februari 1956, ambalo lilikuwa katuni ya mwisho ya aina yake kutoka katika nyumba ya uchapaji iliyojulikana kwa herufi mbili tu, EC. Sanaa ya katuni imeandikiwa vitabu vingi, vya kuisifu na vya kuishutumu. Lakini atakaye kufahamu ina uwezo gani, na kwa nini wenye mamlaka waliihofu, atatosheka na kisa cha kisanduku kimoja kilicho mwisho wa hadithi moja ya toleo hilo, ambacho msimamizi wa maadili alitaka kibadilishwe na mwenye gazeti akakataa katakata.

Nasaba ya sanaa hii yajulikana, wala haina haja ya kurefushwa. Rodolphe Töpffer, mwalimu wa Geneva, alichapisha mwaka 1833 kisa cha Bwana Jabot kwa picha zinazofuatana na maneno chini yake. Magazeti ya New York yakaipatia umati wa wasomaji katika miaka ya 1890. Superman akatokea mwaka 1938, na vijitabu vya katuni vikaenea Marekani nzima kwa bei ya senti 10. Mmoja wa walioanzisha biashara ya vijitabu hivyo, Max Gaines, aliunda EC ili kuchapisha hadithi za Biblia na za historia kwa watoto, akafa katika ajali ya mashua mwaka 1947, na mwanawe William, aliyekuwa akisomea ualimu wa kemia, akarithi kampuni na madeni yake. Huyo William, pamoja na mhariri wake Al Feldstein, ndio walioziacha hadithi za Biblia na kuanza, tangu mwaka 1950, kuchapisha visa vya kutisha, vya vita, vya uhalifu na vya safari za angani, vikichorwa na wachoraji hodari kuliko wengi wa zama zao.

Yafaa tuwaangalie wakiwa kazini. Feldstein aliandika maneno yake moja kwa moja juu ya kadi ya kuchorea, maneno hayo yakapigwa herufi kwa chombo maalumu, na ndipo mchoraji alipokabidhiwa kadi ambayo maandishi yalikuwa yamekwisha kutwaa sehemu kubwa ya nafasi. Wengine waliona dhiki katika utaratibu huo. Bernard Krigstein, alipopewa hadithi ya sahifa 6 iitwayo “Master Race”, iliyotoka mwaka 1955, aliomba apewe 12 akakubaliwa 8, na ili apate wasaa wa kuchora alichukua mkasi akavikatakata visanduku alivyopewa, akavigawa kuwa vyembamba vingi, hata mtu anayeanguka mbele ya treni ya chini ya ardhi akawa aanguka kidogo kidogo, kisanduku hata kisanduku, na nyuso za abiria zikapita zikijirudia katika madirisha ya treni hiyo.

Hapo ndipo penye siri ya sanaa hii. Baina ya kisanduku na kisanduku pana mwanya mweupe mwembamba ambao ndani yake hakuna kilichochorwa, lakini ndimo msomaji afanyamo kazi yake: huona mkono ulioinuliwa, kisha huona mtu aliyelala chini, na pigo lenyewe hulipiga yeye kwa fikira zake. Mchoraji akivipunguza upana visanduku, muda huenda kwa pumzi fupi fupi. Akimpa mtu kisanduku kizima peke yake bila ya maneno, muda husimama. Wala msomaji hafungwi na mwendo wa mashine, kama afungwavyo mtazamaji wa filamu, kwani aweza kurudi nyuma, akakaa juu ya picha moja kadiri apendavyo, na kwa pembe ya jicho lake akaona sahifa nzima kabla hajaisoma.

Sasa na tuitazame hadithi yenyewe. Yaitwa “Judgment Day”, iliandikwa na Feldstein ikachorwa na Joe Orlando, na mara ya kwanza ilitoka katika Weird Fantasy, toleo la 18, mwaka 1953. Mwanaanga aitwaye Tarlton, mjumbe wa dunia, anafika katika sayari ya maroboti ili kupeleleza kama yamestahili kuingizwa katika jamhuri kuu ya nyota. Maroboti hayo ni ya aina mbili: ya rangi ya chungwa, ambayo yanamtembeza mgeni kwa majivuno, na ya samawati, ambayo yanaishi katika mtaa wao mbali, yana kazi zao duni, na katika basi hukaa nyuma. Tarlton anaingia katika kiwanda, anachunguza, anaona kuwa vyuma ni vile vile, nyaya ni zile zile, na tofauti yote ni ganda la nje na mafunzo yanayotiwa baada ya ganda hilo kuvikwa. Anatoa hukumu kwamba sayari hii bado haijafika, anayatia moyo kwa kuyaambia kuwa hata dunia yake ilikuwa hivyo zamani, kisha anapanda chombo chake na kuondoka.

Muda wote huo amevaa kofia ya mwanaanga, na uso wake hatujauona. Katika kisanduku cha mwisho, akiwa peke yake kati ya taa za mitambo, ameivua, nasi twaona kuwa ni mtu mweusi, jasho likimetameta juu ya ngozi yake.

Katika kitabu cha maneno matupu mwandishi hana budi kutaja sura ya mtu wake au anyamaze. Na akinyamaza kwa muda mrefu, msomaji huhisi kuwa anafichwa kitu. Katuni yamweka mtu mbele ya macho yetu tangu mwanzo, akitembea, akiuliza, akihukumu, na kwa kuwa twamwona twadhani hatukunyimwa lolote. Ndani ya kofia ile kila msomaji ametia uso aliouzoea. Picha ya mwisho haimkaripii mtu. Yamwonyesha tu uso wa haki, na akitaka kujua ni nani aliyemdanganya, aweza kuzirudia sahifa zote asimpate mwingine ila nafsi yake. Kwa maoni yangu hakuna sanaa nyingine ambayo ingeweza kulifanya jambo hilo kwa nafasi ndogo namna ile.

Wakati huo upepo ulikuwa umegeuka. Daktari wa akili Fredric Wertham alitoa mwaka 1954 kitabu cha kudai kuwa katuni zinawafundisha watoto uhalifu, na tarehe 21 Aprili mwaka huo kamati ya Seneti ikakutana New York kuzisikiliza tuhuma hizo. Gaines alifika kwa hiari yake. Seneta Estes Kefauver akainua jalada la moja ya magazeti yake, lenye picha ya mtu aliyeshika shoka kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akamwuliza kama hayo yana adabu. Naye akajibu kuwa kwa jalada la hadithi ya kutisha yana adabu, na kwamba yangekosa adabu kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi hata damu ya shingoni ikaonekana. Kwa jibu hilo alijiangamiza mbele ya umma.

Wachapaji wenzake, wakiogopa sheria ya serikali, wakajitungia kanuni mwezi Oktoba 1954, wakamweka hakimu wa New York, Charles F. Murphy, awe msimamizi, na kila gazeti lao likapaswa kupelekwa kwake kabla ya kuchapwa ili lipate muhuri. Lisilo na muhuri wasambazaji walilirudisha bila ya kulifungua. Kanuni zilikataza maneno ya kutisha katika majina ya magazeti, zikakataza mazimwi na wafu wanaotembea, zikataka polisi na mahakimu waheshimiwe. Na, jambo la kukumbukwa sana, zilikataza pia kulidhihaki kabila au dini yoyote.

Katika matayarisho ya toleo la 33 hadithi moja ilikataliwa, na Feldstein, ili kuziba pengo, akaitoa “Judgment Day” ya mwaka 1953. Yaliyofuata twayapokea kutoka kwake yeye na Gaines, waliokisimulia kisa hiki mara nyingi katika uhai wao. Murphy alisema mwanaanga hawezi kuwa mtu mweusi. Feldstein akastaajabu, akamweleza kuwa huyo ndiye maana yote ya hadithi, na kwamba ukimwondoa hakibaki kitu. Gaines akapiga simu mwenyewe kwa ghadhabu, akatishia kuwaita waandishi wa habari na kuwaambia sababu ya kukataliwa. Hapo Murphy akalegea kidogo: basi uso ubaki, lakini matone ya jasho yaondolewe. Gaines akamtukana, akakata simu, na hadithi ikachapwa bila ya kuguswa hata nukta, jasho likiwamo. Muhuri ulitolewa, lakini Gaines akaachana na katuni za namna hiyo, akabaki na gazeti lake la Mad, ambalo kwa umbo lake jipya halikuwa chini ya kanuni.

Itazamwe na tarehe yenyewe. Tarehe 1 Disemba 1955 Rosa Parks alikataa kumwachia mzungu kiti katika basi la Montgomery, na watu weusi wa mji huo wakayasusa mabasi kwa muda unaozidi mwaka mmoja. Hadithi ya maroboti yanayokaa nyuma ya basi ilirudi mikononi mwa wasomaji katika msimu ule ule.

Insafu yataka isemwe pia kuwa Wertham hakuwa adui wa watu weusi. Yeye ndiye aliyefungua mwaka 1946 zahanati ya maradhi ya akili chini ya jengo la kanisa huko Harlem, ambako mgonjwa alilipa senti 25, na ushahidi wake ulisaidia kesi za kupinga shule za ubaguzi. Lakini mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, baada ya kuzikagua karatasi zake, alionyesha kuwa katika kitabu chake juu ya katuni alikuwa amebadili na kuchanganya maneno ya watoto aliowahoji. Ushahidi mbovu uliangamiza kazi njema, na hilo halisameheki kwa sababu ya wema wake mwingine.

Kanuni zililegezwa mwaka 1971, na mwaka 2011 kampuni mbili za mwisho zikauacha muhuri. “Judgment Day” imechapwa upya katika vitabu vya jalada gumu, na vyuo vikuu vyaifundisha.

Nasi je? Wasomaji wa Kiswahili walicheka na kufunzwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, na Chakubanga wa Christian Gregory katika Uhuru, na mashujaa wa gazeti la Sani, na wachoraji wetu waliujua mwanya ule mweupe na kazi yake sawasawa na Krigstein. Hata hivyo kazi zao nyingi zimefungiwa karanga na maandazi, na kijana anayetaka kujifunza kuchora leo ni rahisi kwake kumpata Orlando kuliko kumpata Gregory. Hiyo ni aibu yetu wenyewe, wala hapana hakimu wa New York wa kumlaumu. Basi mwenye matoleo ya zamani sandukuni mwake asiyatupe wala asiyauze kwa kilo. Ayapeleke katika maktaba ya taifa ya nchi yake au ya chuo kikuu kilicho karibu naye, na wakuu wa maktaba hizo wayapokee kwa taadhima ile ile wapokeayo diwani za mashairi.