Chuma Kilicho Chini ya Kiti

Kiti cha Peugeot 504 kikivuliwa kitambaa hubaki kitu cha kuhurumia. Mabomba yaliyopindwa, springi zilizochoka, sponji iliyogeuka unga, na vumbi la Amboseli ambalo limekaa humo miaka na miaka bila kulipa nauli.

Hapo ndipo nilipoanzia Desemba iliyopita, kwenye gereji ya jua kali hapa Kimana, hatua chache kutoka sokoni. Gari ni la mjomba wangu, stesheni wagoni ya safu tatu za viti. Limelala chini ya mwarobaini tangu nikiwa shule ya msingi. Mtu wa Nairobi anayekusanya magari ya zamani alikuwa amekubali kulinunua, kwa sharti moja: viti virudi vilivyokuwa vikitoka kiwandani.

Kwa wale mliozaliwa mkikuta Probox barabarani, ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Kabla ya Probox, mtu aliyetaka kufika haraka alipanda Peugeot. Jina hilo lilikuwa kubwa hata kabla 504 haijatoka Ufaransa mwaka 1968, kwa sababu 404 ilikuwa imeshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. 504 nayo ikashinda 1975 na 1978. Barabara za kwetu ndizo zilikuwa tangazo lake.

Na hii ya stesheni wagoni ilijengwa kama punda. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna mita 2.90, sentimita 16 zaidi ya saloon. Nyuma ina springi nne, mbili kila upande, kusudi ibebe mzigo bila kukaa chini. Saloon ilipoacha kutengenezwa Ufaransa mwaka 1983, huku kwetu 504 ziliendelea kuunganishwa Mombasa. Wazungu walikuwa wamemalizana nayo, sisi ndio kwanza tulikuwa tunaizoea.

Basi, kazi. Unafungua nati, nyingi zimeshikwa na kutu kwa hivyo unazilowesha mafuta usiku kucha. Unaosha fremu kwa mafuta ya taa, halafu brashi ya waya kwenye kutu, halafu msasa. Nilipoanza kukwaruza rangi kavu, fundi alininyang'anya msasa.

"Lowesha maji, kijana. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Hilo vumbi utalibeba kwa nguo mpaka nyumbani kwa watoto."

Kwa maji kazi huenda polepole, na ukienda polepole unaona. Rangi ya juu ilikuwa kijani, rangi ile nzito ya mafuta ya kupaka milango ya duka. Chini yake bluu, rangi ya geti. Chini kabisa nyeusi, nyembamba, imeshika chuma sawasawa hata kwenye kona ambazo brashi haifiki. Hiyo ilikuwa ya kiwandani. Hizo nyingine mbili zilikuwa zetu: mtu alipaka alichokuwa nacho kwenye mkebe.

Logbook ya gari hukuambia nani alikuwa mwenyewe. Haikuambii alilifanyia nini. Fremu hukuambia.

Kwa mfano, safu ya kati ilikuwa na kitu ambacho hakikutoka Ufaransa wala Mombasa: kipande cha bomba la maji la nusu inchi, kimechomelewa ubavuni kushikilia mbao ya abiria wa ziada. Nilipoondoa kijani na bluu hapo, sikukuta nyeusi. Iliungua moto wa kuchomelea ulipopita. Bomba lenyewe lilikuwa na bluu na kijani tu. Maana yake liliwekwa baada ya kiwanda na kabla ya bluu. Na bluu alipaka mjomba, mwaka alionunua gari, 1986, kwa rangi iliyobaki ya geti lake. Nilikuwa nimetumaini ni kazi ya mwenyewe wa kwanza.

Hiyo miaka si ya bahati mbaya. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria wa kulipa bila leseni maalum. Biashara ikafumuka, vijana wakapata kazi, na hesabu ikawa rahisi: nafasi moja ya ziada ni nauli moja ya ziada. Mwaka 1984 sheria ya trafiki ikabadilishwa, matatu zikatakiwa leseni na ukaguzi. Lakini kati ya sheria na barabara ya Emali–Loitoktok kulikuwa na vumbi refu. Kila stage ilikuwa na fundi wa kuchomelea, na kila fundi alijua kipimo cha makalio ya mtu mmoja.

Kilichommaliza mjomba ni kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Kila abiria kiti chake, kila kiti mkanda wake. Bomba la maji halishiki mkanda. Mwezi huo huo gari likaenda chini ya mwarobaini.

Mimi nilitaka bomba libaki. Nilikuja na hotuba kabisa: hii ndiyo historia yetu, huyo wa Nairobi anataka kufuta miaka kumi na minane ya Kimana ili apate Ufaransa ya 1968. Tena hilo bomba limenilipia karo. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekaa juu ya ndoo.

"Wewe unaona historia," akasema. "Mimi namwona mama mmoja wa mimba ya miezi minane. Alikaa hapo kutoka Emali mpaka hapa. Kila shimo analia, na nauli nikachukua yote. Kata."

Sikuwa na jibu. Fundi akawasha grainda.

Tulikata bomba, lakini niliomba jambo moja, na mjomba akakubali: makovu mawili ya kuchomelea yasisagwe wala kujazwa fila. Tukapaka praima nyekundu ya kuzuia kutu, mikono miwili myepesi, kila mmoja ukiachwa ukauke. Kisha nyeusi kwa spreigani, asubuhi sana kabla upepo haujaamka na vumbi lake. Fremu ikatoka safi kama mpya, isipokuwa yale makovu yanayoonekana ukiinama.

Mnunuzi aliinama. Akapitisha kidole, akauliza hizi nundu ni za nini. Nilifungua mdomo nitunge kitu, lakini mjomba alinitangulia.

"Hapo palikuwa na kiti ambacho hakikufaa kuwepo. Nilikiweka mimi."

Yule bwana akatikisa kichwa, akapunguza elfu kumi. Mjomba, mtu anayebishania hata bei ya nyanya siku ya soko, akakubali bila neno.