Namna ya Kutambua Jogoo na Tetea kwa Manyoya: Elimu kwa Wafugaji wa Sekenke

Wafugaji wa kuku wa asili katika eneo la Sekenke, Wilaya ya Iramba mkoani Singida, wanaweza kutofautisha jogoo na tetea mapema kwa kuchunguza umbo la manyoya, kabla ya kuamua ni kuku yupi auzwe na yupi abaki bandani.

Uamuzi huo una uzito kwa kaya. Anayeuza tetea mchanga kwa kudhani ni jogoo hupoteza mayai na vifaranga vya baadaye, na anayebakiza majogoo kupita mahitaji hutumia chakula bila faida. Kwa kawaida jogoo mmoja hutosheleza matetea 10.

Sehemu za kuchunguza ni tatu. Ya kwanza ni shingo: manyoya ya jogoo ni marefu, membamba, yenye ncha kali na ya kung'aa, ya tetea ni mafupi na yenye ncha ya mviringo. Ya pili ni mgongo karibu na mkia, ambako manyoya ya jogoo huchongoka na kuning'inia ubavuni, ilhali ya tetea hubaki mapana na ya mviringo. Ya tatu ni mkia: jogoo huota manyoya marefu yaliyopinda kama mundu.

Tofauti hizo huanza kujitokeza kuku akiwa na umri wa miezi miwili hadi mitatu, na huwa dhahiri zaidi kadiri anavyokua. Rangi pekee isitegemewe, kwa kuwa kuku wa asili wana rangi mchanganyiko. Kwa kuku wa kishingo, ambao hawana manyoya shingoni, mfugaji achunguze mgongo na mkia.

Aidha, njia ya kutambua jinsi ya vifaranga wa siku moja kwa manyoya ya mabawa hufaa tu kwa kuku waliozalishwa kitaalamu ili majike waote manyoya ya mabawa haraka kuliko madume. Kwa vifaranga wa asili haitoi jibu la uhakika.

Mfugaji mwenye shaka anashauriwa kulinganisha kuku wa umri mmoja, kuangalia pia ukubwa na wekundu wa upanga, na kumwona afisa mifugo wa kata yake kabla ya kuuza.