Bruda Antoninus, Mtunga Mashairi wa San Francisco

Tumezoea kusoma maisha ya watakatifu. Leo tutazame maisha ya mtu aliyeshika jembe, akalima miaka mingi, kisha akaliacha katikati ya shamba.

William Everson alizaliwa mwaka 1912 huko Sacramento, Marekani. Hakuwa mkatoliki. Alilima mizabibu na kutunga mashairi. Katika vita kuu ya pili, dhamiri ilimkataza kuua. Akawekwa katika kambi ya Waldport pamoja na wengine waliokataa silaha. Huko walipanda miti, na saa za mapumziko walipiga chapa vitabu vyao.

Katika Misa ya usiku wa Noeli mwaka 1948, mjini San Francisco, neema ilimgusa. Akabatizwa mwaka 1949, akahudumia maskini mjini Oakland, na mwaka 1951 akaingia kwa Wadominikani, akaitwa Bruda Antoninus. Akaanza kupiga chapa, kwa mashine ya mkono, Zaburi za Kilatini za Papa Pio XII. Kisha akaiacha kazi hiyo ili ajifunze upadri. Baada ya miezi michache akarudi kuwa bruda. Kitabu hakikuisha: kurasa zilizokuwa tayari zilitolewa mwaka 1955.

Tangu mwaka 1957 jina lake lilitajwa pamoja na waandishi wa kundi la Beat, waliodharau mali na desturi za wakubwa. Watu walishangaa: mtawa kati ya waasi! Lakini wengi wao walitafuta amani katika safari na katika dini za Asia. Yeye aliitafuta msalabani, akaandika waziwazi vita vya roho na mwili.

Desemba 1969, huko Davis, alipokwisha kusoma mashairi yake mbele ya watu, akavua kanzu ya utawa, akaenda kuoa. Baadaye alifundisha katika universite ya Santa Cruz. Alikufa mwaka 1994.

Wengine watasema: mtu huyu asitajwe mbele ya waseminari. Sisi tunaona vingine. Hatusifu kuvua kanzu. Lakini historia ikificha anguko, atakayejaribiwa kesho atadhani yeye ni wa kwanza, naye atanyamaza. Mwenye kusumbuka asingoje mpaka asimame mbele ya umati. Amwendee padri wake wa roho mapema.

Tena tusisahau: Everson alizikwa Benicia, katika makaburi ya Wadominikani. Ndugu waliomvika kanzu ile hawakumfungia mlango.