Mishale Mitatu ya Kurosawa

Wajapani wamesimuliana kwa vizazi kisa cha Mori Motonari, mbabe wa vita wa karne ya 16, aliyewapa wanawe watatu mshale mmoja mmoja wauvunje. Ikavunjika bila taabu. Kisha akaifunga mitatu pamoja, na hakuna aliyeiweza. Kisa hicho ni hekaya tu, lakini barua ya mwaka 1557 ambamo Motonari aliwasihi wanawe washikamane ni ya kweli.

Mwongozaji Akira Kurosawa alijiuliza: je, kama wana hao wangemgeuka baba yao? Swali hilo likakutana na King Lear, tanzia ya Shakespeare, ikazaliwa Ran, filamu ya mwaka 1985. Mzee Hidetora anawagawia wanawe ngome tatu na kurudia somo la mishale. Kitinda mimba, Saburo, anaivunja mishale yote mitatu kwa goti mbele ya wageni, naye anafukuzwa. Kumbe ndiye pekee anayempenda baba yake kwa dhati.

Kurosawa alimpa mzee huyu kitu ambacho Lear hakupewa: historia. Hidetora alijenga himaya yake kwa kuchoma ngome za majirani na kuua jamaa zao. Kaede, mke wa mwanawe wa kwanza, anaishi katika ngome ileile ambayo Hidetora aliwanyang'anya wazazi wa Kaede. Kwa subira na hila anauangamiza ukoo mzima wa Hidetora. Hakuna msiba katika filamu hii ambao mzizi wake hautoki kwenye damu aliyoimwaga mzee mwenyewe.

Ndivyo zilivyokuwa zama za vita vya koo. Bunduki zilifika mwaka 1543 katika kisiwa cha Tanegashima, zikiletwa na Wareno, na mwaka 1575 huko Nagashino wapiganaji wa mbabe wa vita Oda Nobunaga wakawafyeka kwa risasi wapanda farasi wa ukoo wa Takeda. Ran inaonyesha unyama huohuo: ngome inashambuliwa, watu wanaanguka, na hatusikii kelele zozote isipokuwa muziki wa Toru Takemitsu, mpaka mlio mmoja wa bunduki unapoukata.

Kurosawa, aliyekuwa na miaka 75 filamu ilipotoka, alichora picha za matukio kwa miaka mingi kabla ya kupata fedha kutoka kwa mtayarishaji wa Ufaransa, Serge Silberman. Ngome ilijengwa kwenye miteremko ya Mlima Fuji, kisha ikachomwa kweli. Maleba ya Emi Wada yalishinda Oscar.

Na ukoo wa Mori? Mwaka 1600, katika vita vya Sekigahara, Kikkawa Hiroie, mjukuu wa Motonari, alipatana kwa siri na adui, Tokugawa Ieyasu, na kuwazuia askari wa Mori wasipigane. Binamu yake Terumoto, mkuu wa ukoo, akanyang'anywa sehemu kubwa ya ardhi yake, akabakiwa na majimbo mawili, Suo na Nagato.