Kutoka ubao wa majini hadi Bluetooth: ziwa letu linavyopimwa

Juzi nilikuwa ufukweni Dunga, hapa Kisumu, nikijaribu kusoma joto la maji kwa kihisi kidogo cha Bluetooth. Jibu la kwanza: nyuzi 25.51 chini ya sufuri. Yaani ziwa limeganda na ngege wako kwenye barafu! Kabla sijawaeleza kosa langu, turudi nyuma kidogo.

Vipimo vya kimo cha Ziwa Victoria vilianza kuandikwa mwaka 1896, miaka 5 kabla reli haijafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence. Chombo chenyewe kilikuwa ubao wenye alama, umesimamishwa majini. Mtu anatazama, anaandika tarehe na kimo. Basi. Kwa sababu ya kumbukumbu hizo tunajua kwamba ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964. Na maji yalipoingia majumbani mwa watu mwaka 2020, kulikuwa na rekodi ya 1964 ya kulinganisha nayo.

Bluetooth ilianza kubuniwa 1994 katika kampuni ya Ericsson, Uswidi. Mwaka 2001 programu ya BlueZ ikaingia katika Linux. Mwaka 2010 toleo la 4.0 likaleta Bluetooth inayotumia umeme kidogo sana, na ndipo vihisi vya betri ndogo vikawezekana.

Haya, fungua terminali uandike amri hizi, moja moja:

bluetoothctl
scan on
connect (anwani ya kihisi)
menu gatt
list-attributes
select-attribute (sifa ya joto, 2a6e)
read

Ukikuta maelezo ya zamani yanayotaja hcitool na gatttool, yaache, zilistaafishwa 2017.

Mimi nilipata baiti mbili: f6 09. Nikazisoma kutoka kushoto, kumbe ya mwisho ndiyo kubwa. Ukizigeuza unapata 09f6, yaani 2550. Gawanya kwa 100: nyuzi 25.50. Ziwa likayeyuka!

Mtu wa ubao alikuwa anayaona maji kwa macho yake; kompyuta haiyaoni. Ningehifadhi namba ile bila kufikiri, mtu wa kesho angerithi uongo. Kwa hiyo kila unapopima, andika pia tarehe, saa, mahali na kizio. Bila hivyo una namba tu, huna historia.

Tukutane ziwani.