Mungu Aliyeombwa Ahame Mji

Hadithi hii ni tamu, na utamu wake ndio unaonitia shaka. Mwaka 396 KK majeshi ya Roma yalikuwa yameuzingira Veii, mji wa Waetruski ulio kilomita kama 16 kaskazini ya Roma. Kabla ya kuuvamia, jemedari alimwomba Juno, mungu wa kike aliyeulinda mji ule, awaache watu wake na kuwafuata washindi, akaahidi kumjengea hekalu la hadhi yake. Mji ukaanguka. Vijana walioteuliwa wakaoga, wakavaa mavazi meupe, wakaingia hekaluni kwa heshima. Mmoja akaiuliza sanamu kama iko tayari kwenda Roma. Wenzake wakapiga kelele kwamba imeitikia kwa kichwa. Ni nani aliyetuachia habari hizi?

Si shahidi wa macho. Tunayemtegemea ni mwanahistoria wa Padua, aliyeandika zaidi ya miaka 360 baadaye. Alikuwa mtu makini. Anakiri kwamba huenda yule kijana aliuliza kwa mzaha, na kwamba habari ya sanamu kujibu kwa sauti ni nyongeza ya wasimulizi. Kuhusu kisa kingine cha vita hivyohivyo, anasema masimulizi ya aina hiyo yanafaa jukwaani kuliko kusadikiwa. Ikiwa msimulizi mwenyewe anasitasita, udongo wa Veii unasema nini?

Mwaka 1916 wanaakiolojia walifukua Veii sanamu ya Apollo ya udongo wa kuchoma. Leo imo katika makumbusho ya Villa Giulia, Roma. Anatembea, mguu mmoja mbele, vazi limemganda mwilini, mdomoni ana tabasamu jembamba. Ukimtazama, unaelewa kwa nini miungu ya Veii ilitamaniwa. Lakini alipatikana Portonaccio, nje ya kuta, katika patakatifu pa mungu mwingine wa kike, Menrva, wakati Juno wa hadithi alikaa ndani, kwenye ngome ya juu. Njia imekatika hapa. Je, tukianzia alikofikia Juno?

Twende kilima cha Aventine, Roma. Kwa mujibu wa mapokeo, hekalu la Juno wa Veii liliwekwa wakfu hapo mwaka 392 KK. Maandishi yenye jina lake yamepatikana karibu na kanisa la Santa Sabina, na kaisari wa kwanza alilitaja hekalu hilo kati ya majengo aliyoyajenga upya. Mwaka 207 KK, Roma ikiwa katika vita vikali na Carthage, wasichana 27 waliimba katika msafara wa kumpelekea Juno sanamu mbili za mvinje. Basi aliabudiwa kweli, ingawa Aventine wakati ule ilikuwa nje ya mpaka mtakatifu wa jiji. Hata hivyo, hekalu linathibitisha ibada, halithibitishi mwaliko. Kualika miungu ya adui ilikuwa desturi, au kisa cha mara moja?

Mwandishi mmoja wa karne ya 5 BK ametunza maneno yanayodaiwa kutamkwa mbele ya kuta za Carthage mwaka 146 KK. Mungu anayeulinda mji, awe wa kiume au wa kike, anaombwa aachane na mahekalu yake, awatie wenyeji hofu na usahaulifu, kisha aje Roma. Akikubali, anawekewa nadhiri ya hekalu na michezo. Ni mkataba mtupu. Lakini umepitia vitabu juu ya vitabu, kwa zaidi ya miaka 500. Tena mungu mkuu wa kike wa Carthage hakupotea kwao: kwa jina la Caelestis alipata hekalu kubwa katika Carthage ya Kirumi, na dalili za ibada yake jijini Roma ni za karne ya 3 BK. Kama alialikwa, mbona alichelewa hivyo?

Kuhusu desturi yenyewe, jibu thabiti zaidi liko jiweni. Katika miaka ya 1970 yalichapishwa maandishi kutoka kusini mwa Uturuki, ya jemedari wa Kirumi aliyeuteka mji wa Isaura Vetus mnamo 75 KK. Hii si simulizi ya baadaye. Ni kauli ya mshindi mwenyewe. Anasema maadui wameshindwa, mji umetekwa, mateka wameuzwa, naye ametimiza nadhiri yake kwa mlinzi wa mji ule, awe mungu wa kiume au wa kike. Hakuna neno juu ya kumpeleka Roma. Hata jina lake hakulitaja. Alitaka nini basi kwa mungu asiyetajwa jina?

Naamini alitaka ridhaa. Kwa Mrumi, mungu alikuwa mwenye mji, na mji hauchukuliwi bila mwenyewe kuafiki. Ndiyo maana maneno yalipimwa hivyo, asiachwe mungu yeyote mwenye haki ya kudai. Ile sanamu kuitikia kwa kichwa siwezi kuitetea; nadhiri naitetea. Ila ushahidi unaoithibitisha una jambo jingine. Isaura, mateka waliuzwa. Veii nako, mwanahistoria wetu anasimulia, watu huru waliuzwa utumwani siku iliyofuata ushindi. Mungu aliombwa ridhaa yake, akaahidiwa heshima. Waliomwabudu vizazi kwa vizazi, nani aliwauliza wao?